Jiwe la Kusagia na Mshahara wa Mwalimu

Mazungumzo ya redioni. Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10–13, 2 Wafalme 4:1–7

Tunawasalimu ninyi mlio Migori, Awendo, Rongo na Kehancha. Nanyi mlio Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa, Mbita na visiwani. Wazee wetu waliijua nchi hii yote kama wilaya moja ya Nyanza Kusini. Leo ni kaunti mbili, lakini taabu za watu wake hazikugawanywa.

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Ni deni lililofika mahakamani, na amri iliyotoka mahakamani ikaenda moja kwa moja kwenye mshahara. Mtu akifiwa, majirani huja kuketi naye. Mtu akiugua, akina mama wa kanisa huja na uji. Lakini mtu akiletewa barua ya deni huikunja, akaiweka chini ya godoro, akalala juu yake. Hakuna ajuaye, hata mkewe. Basi na tuitoe barua hiyo, tuisome pamoja mbele za Mungu.

Tumfikirie mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Jina lake hatulitaji, maana yuko katika kila tarafa. Alikopa katika Sacco ili kulipa karo ya mtoto. Baba yake akafariki, akakopa benki kwa ajili ya mazishi, maana watu walikuwa wengi na ng'ombe mmoja hakutosha. Kisha akachukua mabati na saruji kwa mkopo katika duka la vifaa vya ujenzi, akaahidi kulipa kwa miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita mingine sita. Mwenye duka akampigia simu, hakushika. Akaenda shuleni, mwalimu akatokea mlango wa nyuma. Mwishowe mwenye duka akaenda mahakamani. Samansi ikaletwa, mwalimu akaitia sahihi, akaikunja. Siku ya kujibu ikapita, na hakimu akatoa hukumu bila kumsikia. Mwisho wa mwezi mwalimu alipotazama karatasi yake ya mshahara, akakuta mstari mpya wa makato asioujua. Mama watoto naye alijua habari hiyo dukani, aliponyimwa sukari.

Ndugu msikilizaji, je, mtu huyu ni mwovu? Hebu tusome 2 Wafalme sura ya 4. Pale yupo mjane anayemlilia nabii Elisha. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Bwana. Lakini alikufa na deni, na sasa mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tunaona hapo kwamba deni laweza kuingia hata katika nyumba ya mcha Mungu. Kwa hiyo tusimtazame mdeni kana kwamba ana ukoma. Tena tuone kwamba Elisha hakumwambia mjane yule kuwa deni si kitu, wala hakumfundisha namna ya kumkimbia mdai. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipozidi, alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kinachobaki. Mambo mawili yamo katika shauri lile: deni lilipwe, na watoto waishi. Mtu akishika moja na kuliacha la pili, hajalisikia Neno lote.

Sasa tutazame Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mungu aliwaruhusu Israeli kukopesha na kuchukua rehani. Lakini aliweka mipaka. Jiwe la kusagia lisichukuliwe, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Mdai asiingie nyumbani mwa mwenzake kujichagulia kitu. Asimame nje, na mdeni mwenyewe amletee. Na mdeni akiwa maskini, vazi lake lirudishwe jua linapotua, apate kujifunika usiku. Mama zetu wa Karachuonyo na Gwassi waliosaga mtama kwa jiwe wanaelewa vizuri. Mkichukua jiwe, jioni ile watoto watakula nini? Na mdai naye atalipwa na nani, ikiwa mdeni amekufa kwa njaa?

Wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya ina jambo linalofanana na hilo. Katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, sura ya 21 ya sheria zetu, kifungu cha 44 kinataja vitu ambavyo haviwezi kukamatwa kwa ajili ya deni la hukumu. Nguo za lazima za mdeni, za mkewe na za watoto wake haziguswi. Vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, haviguswi. Vifaa vya kazi anavyohitaji mtu ili apate riziki yake, haviguswi: cherehani ya fundi nguo ni jiwe lake la kusagia, na randa ya seremala vivyo hivyo. Malipo ya uzeeni ya aliyekuwa mtumishi wa Serikali yamelindwa pia. Na theluthi mbili za mshahara wa mwajiriwa, awe wa Serikali au wa mtu binafsi, haziguswi kwa amri hiyo.

Tuseme tena polepole, kwa ajili ya aliye na kalamu mkononi. Mshahara ukiwa shilingi 36,000, theluthi yake ni shilingi 12,000. Amri ya kukamata mshahara haiwezi kupita hizo 12,000 kwa mwezi. Ziko pia kanuni za Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Hiyo yasema kwamba makato yote yakijumlishwa pamoja, yaani kodi, Sacco, benki na amri ya mahakama, yasizidi theluthi mbili za mshahara. Maana yake mwalimu wetu wa shilingi 36,000 asirudi nyumbani na chini ya shilingi 12,000. Watu huzichanganya sheria hizi mbili kwa sababu zote zataja theluthi. Ya kwanza yaweka mpaka wa amri ya mahakama peke yake. Ya pili yaweka mpaka wa makato yote. Ukiona umebakiwa na shilingi 3,000, nenda kwa mwajiri wako na karatasi yako ya mshahara, uulize kwa adabu hesabu ilifanywaje. Usipopata jibu, nenda mahakama iliyotoa amri. Kuuliza hesabu si uasi.

Lakini msikilizaji mwingine atasema, "Mchungaji, mimi nimeshahukumiwa. Nifanye nini?" Tuna mashauri manne.

Kwanza, itoe barua chini ya godoro. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 5 alimshauri mtu apatane na mshtaki wake upesi, wakiwa bado njiani. Njia ni ndefu kuliko tunavyodhani. Mdai akipiga simu, bado uko njiani. Samansi ikija, bado uko njiani, maana imeandikwa siku ulizopewa za kujibu. Jibu! Kama deni ni lako, kiri na uombe kulipa kidogo kidogo. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni la hukumu lilipwe kwa awamu, ikipewa sababu za kutosha. Kama deni si lako, au umeshalipa nusu, peleka risiti zako. Na ikiwa hukumu ilitolewa nawe hukuletewa samansi kamwe, unaweza kuiomba mahakama iiondoe hukumu hiyo ili usikilizwe. Usikae miaka ukitumaini kwamba itasahauliwa, kwa maana hukumu ya mahakama huweza kutekelezwa hadi miaka 12. Wako wanaovuka Isebania kwenda upande wa Tanzania ili kujificha. Wakirudi, hulikuta deni likiwangoja, limeongezeka riba na gharama za kesi.

Pili, jua ni nani amesimama mlangoni. Dalali wa kweli ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, na ana hati ya mahakama yenye nambari ya kesi. Mwombe akuonyeshe vyote viwili. Kwa kanuni za madalali za mwaka 1997, kwanza huandika orodha ya mali anayokusudia kukamata na thamani yake, kisha hukupa ilani ya siku saba za kuikomboa kwa kulipa. Hizo siku saba si za kuhamisha ng'ombe usiku kwenda kwa shemeji. Ni za kumtafuta mdai na kusema naye. Usimpige dalali, wala usimwachilie mbwa. Yeye ni mtumwa wa amri, na kumzuia kutakuongezea kesi juu ya deni. Lakini akija mtu asiye na hati, akitaka kubeba kitanda cha watoto, piga yowe majirani waje, mpeleke kwa chifu au kituo cha polisi.

Tatu, usiogope gereza kuliko ipasavyo, wala usilidharau. Sheria yetu ingali inaruhusu mdeni wa hukumu kufungwa, kwa muda usiozidi miezi sita. Lakini kwa kawaida huitwa kwanza mbele ya mahakama aeleze kwa nini asifungwe. Hapo ndipo mahali pa kusema ukweli juu ya hali yako. Kutoweza kulipa ni jambo moja, na kukataa kulipa ilhali unazo fedha ni jambo jingine. Hakimu hupima hayo mawili. Sheria pia yakataza nyumba ya mtu kuingiwa kwa ajili ya kumkamata mdeni baada ya jua kutua na kabla halijachomoza. Tazama jinsi jua la Kumbukumbu la Torati linavyotua hata katika sheria ya nchi yetu! Tena kufungwa hakufuti deni. Mtu hutoka gerezani nalo lingaliko.

Nne, weka hesabu. Uwe na daftari. Andika deni lote la hukumu, gharama na riba, na kila mwezi andika kilichokatwa. Hifadhi kila karatasi ya mshahara. Siku deni linapokwisha, hakikisha makato yamekoma, na uombe barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza. Wako waliokatwa miezi zaidi ya ilivyopasa kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Sasa tunageuka kwa mdai, maana naye yuko kanisani, pengine kwenye kiti cha mbele. Mama anayeuza omena pale Mbita, aliyemkopesha mchuuzi magunia kumi, hana kosa akidai fedha yake. Naye ana watoto, na mwenye mashua anamdai. Zaburi ya 37 humwita mwovu yule akopaye na asilipe. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mdai ni Farao. Tunajua mwenye duka aliyefunga duka kwa sababu ya wateja waliomkimbia, akiwa na daftari lililojaa majina ya Wakristo. Tunamwambia mama huyu kwamba mahakama ni haki yake. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya mwaka 2016, ambamo mtu aweza kujieleza bila wakili.

Lakini tunamwomba mdai asome Nehemia sura ya 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka, na waliowadai walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, akawakusanya wakuu, akawaambia warudishe mashamba na waache riba ile. Wakakubali. Ndugu mdai, hesabu gharama za wakili, gharama za dalali na riba. Deni la shilingi 40,000 laweza kuzaa jingine lililo kubwa kama lenyewe, na ng'ombe akauzwa mnadani kwa bei ya mbuzi. Wewe hukupata kitu, naye amepoteza kila kitu. Je, si afadhali shilingi 3,000 kila mwezi kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili? Usimame nje ya nyumba, kama Torati inavyosema. Usimtukane mtu mbele ya wanafunzi wake. Usiwapigie simu shangazi na mashemeji zake. Kwa wakopeshaji wa simu, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mdeni. Hata pasipo na kanuni, upendo wa jirani umeshakataza.

Tena kuna mkopeshaji ambaye hapiti mahakamani kamwe, yule tunayemwita shailoki. Huyu huchukua kadi ya benki ya mwalimu na nambari yake ya siri. Mwisho wa mwezi ndiye anayesimama kwenye mashine, naye mwenye mshahara husubiri pembeni apewe nauli. Hapo hakuna theluthi, hakuna hakimu wala siku saba. Jiwe lote la kusagia limechukuliwa. Ndugu msikilizaji, kadi ile ni unga wa watoto wako. Usiitoe.

Neno jingine ni la wadhamini. Mithali sura ya 6 yamwonya aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake kwa ajili ya jirani, na kumhimiza aende akajiokoe bila kusinzia. Katika Sacco zetu tunatia sahihi kama watu wanaopokea chai. Rafiki akihama au akiacha kazi, makato huja kwa mdhamini. Kabla hujatia sahihi, zungumza na mama watoto. Uliza kama unaweza kulilipa deni hilo lote mwenyewe na bado ukabaki na chakula. Kama huwezi, kataa kwa upole. Kukataa leo kutauokoa urafiki wenu mwakani.

Na mazishi yetu je? Tunawapenda wafu wetu, na tunafanya vema kuwaheshimu. Lakini marehemu hahitaji hema tatu. Wazee walikuwa na desturi njema ya kuuliza wazi kwenye matanga: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Walijua kwamba gowi haizikwi pamoja na mtu. Basi ni jambo la kushangaza kwamba siku ile ile tunayouliza madeni ya marehemu, tunamtengenezea mwanawe madeni mapya. Kanisa na lisaidie hapa. Wazee wa kanisa wakae na familia kabla ya bajeti ya mazishi, si baada yake. Na mtu anayekatwa mshahara kwa amri ya mahakama asisomwe jina kwenye orodha ya wasiotoa mchango. Sadaka yake kwa mwaka huu ni kulipa deni lake kwa uaminifu, naye Mungu anaiona.

Mwisho, tunasema na yule ambaye usiku huu haoni njia. Pengine umefikiri kuikimbia kazi, au kuiacha familia, au jambo baya zaidi ya hayo. Ndugu yetu, dada yetu, hakuna deni la fedha linalostahili uhai wa mtu. Hata sheria, ambayo haina machozi, imekuachia kitanda, sufuria na theluthi mbili za mshahara katika amri yake. Je, Mungu aliyemnunua mtu kwa gharama ya Mwanawe atakuachia pungufu ya hapo? Amka, mwambie mkeo. Mwambie mumeo. Mwambie mchungaji wako au rafiki mmoja mwaminifu. Mjane yule alipata msaada kwa sababu alilia kwa sauti. Na mafuta yalipoanza kumiminika, wanawe walikuwa pamoja naye ndani, wakimletea vyombo. Usiwafiche watoto vyombo. Waambie mwaka huu ni wa uji na sukuma, na kwamba nyumba hii inalipa deni lake.

Mtume Paulo, katika Warumi 13, alitaka tusiwe na deni la mtu yeyote isipokuwa deni la kupendana. Hilo la mwisho halina dalali, wala halimalizwi. Lakini yale mengine, kwa msaada wa Mungu na kwa daftari lililoandikwa vizuri, yana mwisho.

Na tuombe.

Ee Baba, uliyesikia kilio cha mjane katika siku za Elisha, wasikie watu wako wa Migori na Homa Bay. Mpe mdeni ujasiri wa kusema kweli na mikono ya kufanya kazi. Mpe mdai moyo wa subira, naye apate haki yake. Wape mahakimu hekima, na madalali uchaji wako. Zilinde nyumba ambazo mwisho wa mwezi umekuwa siku ya hofu. Utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tunavyojifunza kusamehe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.